Kiondo Kilichorudi Kutoka Section 58

Kwanza tuelewane. Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimezaliwa Nakuru, nikalelewa chini ya Menengai, na hadithi za wale mashetani wanaolima mahindi ndani ya krateri nimezisikia tangu utotoni. Sijawahi kuona hata bua moja la hayo mahindi. Kwa hiyo nikikuambia nilikunywa chai na mtu aliyekufa, tena chai nzuri ya tangawizi, usianze kuniangalia hivyo. Sikuwa na homa. Sikuwa nimeonja kitu. Nilikuwa natafuta nyumba ya kununua, na hiyo peke yake ni taabu ya kumtosha mtu mzima.

Sababu ya kutafuta nyumba ilikuwa Mama. Baba alifanya kazi ya kiwanda hapa mjini mpaka akastaafu, yeye na Mama wakarudi kijijini Kakamega, na alipofariki nikaenda kumchukua Mama tukae wote hapa Nakuru, mtaa wa Free Area. Nilikuwa nimepanga ghorofa ya nne. Mama ana magoti yanayolalamika hata kwenye ngazi za kanisa, sasa jiulize alikuwa anashuka mara ngapi. Mimi asubuhi naenda dukani kwangu kushona yunifomu, jioni narudi namkuta ameketi palepale dirishani nilipomwacha, chakula nusu, redio inajiongelesha. Majirani walikuwa watu wazuri, ila wa kufunga mlango. Mama akawa anasema, "Hii nyumba haina watu." Namwambia, Mama, si tuko wawili? Ananijibu, "Wewe hulala hapa tu."

Halafu siku moja nikamkuta anakunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko. Alitaka kurudi kijijini, kwenye nyumba iliyofungwa, ambako hata kuku tulishawagawa. Nilijua akienda atakaa huko peke yake mpaka siku nitakayopigiwa simu. Nikamwomba anipe muda nitafute nyumba ya chini, yenye ua kidogo, iwe yetu kabisa. Akakubali, lakini mfuko wa nguo hakuufungua. Ulikaa karibu na mlango, na kila nikipita naugonga kwa mguu.

Umewahi kutafuta nyumba Nakuru? Hizi mpya zinazoota kila mahali zilinishinda. Acha bei. Ni nyumba unakaa kwenye kochi unafungua friji bila kuinuka, na ile ya chini kabisa utakuta wameigeuza mahali pa magari. Ndipo broka mmoja kijana, anaitwa Kim, akanitumia kwa simu picha za nyumba ya zamani kule Section 58. Mtaa wa miti mikubwa na watu wanaojuana kwa majina ya watoto. Jengo la ghorofa mbili tu, na nyumba yenyewe iko chini. Nikaona sebule pana, sakafu nyekundu iliyopigwa rangi ikang'aa, makochi yamevishwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na chupa ya chai mezani.

"Madam, hiyo nyumba ni moto," Kim akaniambia. "Ni ya mathe fulani mpole sana, Mswahili wa hapa hapa town. Vijana wake ndio wanauza. Hakuna stress."

Kila niliyemwambia alinionya. Nyumba ya zamani unainunua na magonjwa yake, walisema. Nami nilijua, kwa sababu marehemu Baba alikuwa na kanuni yake: nyumba usiitazame jua likiwaka, itazame mvua ikinyesha, hapo ndipo itakuambia ukweli. Basi jioni moja mbingu ikafunguka. Mvua ya Nakuru unaijua, inakuja na vumbi lake na hasira zake. Nikafunga duka mapema, nikampigia Kim, simu imezimwa. Nikaona heri niende mwenyewe, mwenye nyumba atanielewa.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nikikueleza utaona hata wewe ungekosea. Mimi nimeona vitambaa, nimeona chupa ya chai, nimeambiwa nyumba ni ya mathe. Nikajua mathe yumo ndani. Na sisi hatukulelewa kuingia kwa mama wa watu mikono mitupu, hata kama unaenda kununua nyumba yake akiwa bado anaikalia. Nikachukua kiondo cha Mama kilichokuwa dukani, nikapitia kwenye duka la jirani, nikatia maziwa, mkate na sukari. Nikapanda tuktuk.

Nilifika giza likiingia na stima zimepotea mtaa mzima. Soja wa geti alikuwa amejikunyata kibandani na kabuti lake, akanipungia mkono nipite. Nikabisha hodi. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Karibu, mlango uko wazi, mgeni wa mvua ni mgeni wa baraka."

Nikamkuta amesimama sebuleni na taa ya chemni mkononi. Mama mzee, mwembamba, kanga kiunoni na mtandio kichwani. Sisi wa hapa si watu wa shikamoo sana, lakini kwake ilinitoka yenyewe. Akaitikia marahaba, akatabasamu, nikaona meno yake ya rangi ya chai. Nikatabasamu pia, akaona yangu. Maji ya Nakuru yanatupiga muhuri sote tuliozaliwa hapa, na ukimwona mwenzako wa meno hayo unamwamini bure tu.

Nikampa kiondo. Akakifungua, akatazama ndani. Kisha akasema, "Wewe umelelewa na nani?" Nikadhani ni maneno ya adabu tu.

"Umekuja kutazama nyumba," akasema. "Basi njoo uitazame, na nikuonyeshe yale broka hatakuonyesha."

Niamini, sijawahi kuona mtu akiiharibia nyumba yake sifa kwa furaha namna ile. Alianza na jikoni. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia chini ya mlango wa nyuma kama yamealikwa. "Kizingiti kiko chini," akasema. "Kamata gunia hilo, ulisokote hapo." Nikalisokota, nikalibana mlangoni, maji yananifika vifundoni. Nilipoinuka nikaona yeye amesimama katika maji yale yale na pindo la kanga yake limekauka kabisa. Niliona, usifikiri sikuona. Lakini mtu ukiwa na shughuli, jicho linaona na akili inasema tutaongea baadaye.

Akanipeleka chumbani, akanionyesha ufa mrefu ukutani. Huo, akasema, ulitokea siku ardhi ilipotikisika, na tangu hapo haujasogea, basi nisimkubali fundi atakayeniambia nibomoe ukuta. Bomba la bafuni linafunguliwa kinyume. Soketi ya karibu na mlango inauma, nisiiguse na mikono ya maji. Watoto wa juu wanacheza mpira ndani ya nyumba. Upepo ukitoka ziwani, wiki fulani fulani utafunga madirisha kwa ile harufu, upende usipende. "Na maji ya kisima cha nyuma usiyanywe," akamaliza. "Yatakupa meno kama yangu."

"Nishapewa," nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka, maji yametujaa jikoni.

Kisha akanikaribisha chai. Sikumbuki akiwasha jiko. Nakumbuka tu kwamba sufuria ilikuwa inachemka, maziwa yangu yamo ndani, na harufu ya tangawizi imejaa jikoni. Tukaketi kwenye meza ndogo ya pale pale jikoni, akakata mkate, akaniuliza nitakaa na nani. Nikamwambia habari za Mama. Nikamweleza ule mfuko wa nguo karibu na mlango, na vile ninavyougonga kwa mguu kila siku, na vile ninavyoogopa jioni nitakayofika nisiukute. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua mambo ambayo sikuwaambia hata ndugu zangu. Machozi yalinitoka kidogo na sikuona haya.

Alinisikiliza amekishika kikombe karibu na uso, anavuta mvuke wake tu. Hakunywa. Nilipomwangalia akasema, "Mimi siku hizi nafurahia harufu, mwanangu. Mengine nilishakatazwa." Nikadhani ni sukari, wazee wengi wanayo.

"Wamekuja wengi hapa," akaendelea. "Mmoja anapima ukuta aone kama televisheni yake itatosha. Mwingine anauliza kama ukuta huu utabomoka atie baa ya pombe. Hakuna aliyeniuliza jikoni wanaweza kukaa watu wangapi."

"Wangapi?" nikauliza.

"Wawili kwa raha. Watatu wakipendana."

Nje ya dirisha mvua ilikuwa inapiga majani mapana, tap tap tap. Akasema huo ni mti wake wa mlokwati, na ukizaa watoto wa mtaa mzima huwa ni wake. Tulikaa hapo mpaka mvua ikapungua. Nilipoaga akanisindikiza mpaka mlangoni, hakuvuka kizingiti, akasema, "Msalimie mama yako." Nilirudi Free Area nimeshiba, nimefurahi, na nimeamua. Hiyo nyumba nainunua. Mama alichouliza ni kimoja tu: kiondo chake kiko wapi. Nilikuwa nimekisahau.

Kesho yake Kim akapatikana. Tukakutana Section 58 mchana, jua linawaka, ananiomba radhi kwamba alizimikiwa na simu. Akatoa ufunguo, na hapo ndipo niliona kufuli. Kufuli kubwa, lenye kutu, kwenye mlango ambao mimi jana niliusukuma kwa kidole. Kim alipigana nalo mpaka akatokwa na jasho. Mlango ulipofunguka, hapakuwa na kochi. Hapakuwa na kitambaa wala taa wala meza. Sakafu nyekundu ilikuwa imefunikwa na vumbi, na buibui wamejenga kila kona kama wao ndio walionunua.

"Vitu viko wapi?" nikauliza.

"Si nilikuambia picha ni za kitambo? Vijana walibeba kila kitu baada ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Kim akaniangalia. "Ya mathe. Sikukuambia?"

Hakuniambia. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Gunia lilikuwa pale chini ya mlango wa nyuma, limesokotwa vile nilivyolisokota mimi, bado limelowa. Na kando ya sinki, pakiti za maziwa zimekatwa vizuri, zimesuuzwa, zimepinduliwa zikauke, kama mama zetu wote wanavyofanya. Kiondo hakikuwepo. Kim aliinama akanusa, akasema, "Hiyo ni tangawizi?" Halafu akatoka nje bila kungoja jibu.

Nilimkuta uani anaongea na jirani wa juu, Mama Brayo, aliyeshuka kuona nani amefungua. Hapo ndipo Kim alipokiri. Wateja walikuwa wamekuja wengi na wote walitoroka. Mmoja alisikia vikombe vikigongana jikoni, akakimbia akaacha kiatu kimoja, na mpaka leo hajakirudia. Nikawasimulia ya jana, na Mama Brayo akawa anacheka tu. "Wewe alikupa chai?" akaniuliza. "Huyo mama alikuwa hampi chai mtu ambaye hajampenda." Nikauliza mlokwati uko wapi. Akanionyesha kisiki, kimezungukwa na simiti. Mti ulikatwa zamani walipotengeneza mahali pa magari, akasema, na mama mwenye nyumba aliulilia kuliko alivyowahi kulilia mtu.

Usifikiri mimi ni shujaa. Niliogopa. Nilimwambia Kim anitafutie nyumba nyingine, nikapanda tuktuk, meno yakawa yanagongana njia nzima na jua lilikuwa kali. Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama kila kitu, tangu kufuli mpaka kisiki. Nilitarajia aite mchungaji. Mama aliendelea kuchambua maharagwe yake.

"Alikukaribisha?" akauliza.

"Alinikaribisha."

"Chai ulikunywa?"

"Niliimaliza."

"Ilikuumiza tumbo?"

"Hapana, Mama."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia shida ni kwamba mwenyeji amekufa. Mama akafikiria kidogo, akasema hapa Free Area tuna majirani wazima na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza jina. Lakini kununua nyumba yenye mtu ndani, hapana, nikasema. Hiyo hapana. Nikaenda kulala, na nikipita nikaugonga ule mfuko.

Asubuhi nikafungua mlango niende dukani. Kiondo cha Mama kilikuwa kimewekwa pale nje, ghorofa ya nne. Kimejaa malokwati, yale matunda ya manjano yenye mbegu kubwa, yameiva, na mengine bado yako kwenye vitawi vyenye majani mapana. Majani yalikuwa yanadondosha maji ya mvua. Usiku huo Free Area haikunyesha hata tone, uliza mtu yeyote.

Nilipiga kelele, sikatai. Mama akaja polepole na magoti yake, akatazama, akachukua lokwati moja, akalipangusa kwa leso, akala. Akafumba macho. "Kiondo hakikurudi kitupu," akasema. "Huyu mtu amelelewa." Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa nimeliomba kwa muda mrefu. Aliuburuta ule mfuko wa nguo kutoka mlangoni, akaketi kitandani, akaanza kuzitoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. "Nitangoja hiyo nyumba," akaniambia. Nikasimama pale na kiondo mkononi, nalia na kucheka pamoja, na nilichelewa kufungua duka.

Tulinunua. Ilichukua muda wake, kama kila kitu chenye mawakili na foleni, lakini tulinunua. Yote aliyonionyesha mama yule yalikuwa hivyo hivyo, mpaka ufa uliokuwa umefichwa kwa rangi mpya. Fundi wa kwanza aliniambia nibomoe ukuta, nikacheka, nikamlipa nauli. Kizingiti tulikiinua. Soketi tuliibadilisha, baada ya kuniuma mara moja, kwa sababu mimi nikiambiwa kitu sharti nikijaribu. Mbegu za malokwati Mama alizipanda zote kwenye makopo. Moja iliota, iko nje ya mlango wa jikoni, imenipita kimo, na watoto wa Mama Brayo washaanza kuihesabu kuwa yao.

Naye mwenyewe je? Yupo. Sijamwona tena kwa macho, na kusema kweli sijamtafuta. Lakini Mama kila jioni humimina vikombe vitatu mezani jikoni, na kile cha tatu hakipungui hata tone, ila mvuke wake hukatika mapema na hupoa kabla ya vyetu. Kipime ukipenda. Mimi nimepima. Na ukigonga mlango kwa hasira katika nyumba hii, mfuniko wa sufuria huanguka wenyewe mahali fulani, nawe unajua umesikika.

Basi nakuonya wewe unayetafuta nyumba ya zamani. Nenda mvua ikinyesha. Usimwamini broka anayesema hakuna stress. Ukikaribishwa chai, mtazame mwenyeji wako kama anakunywa au ananusa tu, na ukiona ananusa, tulia umalize chako, kwa maana umeshachelewa kukimbia. Na zaidi ya yote usiende mikono mitupu. Wewe unafikiri unakagua nyumba, kumbe pengine ndiyo inakukagua wewe.

Jana nilirudi kutoka dukani nikamsikia Mama jikoni anacheka, kile kicheko chake cha zamani ambacho sikuwahi kukisikia Free Area. Alikuwa anasimulia habari za Baba alivyomtongoza, anasimama kidogo, kama mtu anayeulizwa swali, halafu anaendelea. Hati ya nyumba hii ina jina langu. Lakini nilisimama nje ya mlango wa jikoni, nikaweka mkoba wangu chini, nikabisha hodi.

Mama akaniitikia. "Karibu," akasema. "Tulikuwa tunakungoja."